Jani Linalokula Wadudu

Mwaka jana nilimdanganya mtoto, lakini sikukusudia. Kwenye chumba chetu cha vijana hapa Katwe, ambako mafundi wa chuma wanagonga tangu asubuhi mpaka lazima upaze sauti, tuna kitabu cha zamani cha biolojia. Ndani kuna picha ya mmea mdogo wenye ua la zambarau. Majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na juu yake wamenasa wadudu. Chini imeandikwa kwamba unaota milimani. Kijana mmoja wa Beni akauliza, "Yaya, hii iko kule kwetu, Ruwenzori?" Nikamjibu, "Iko." Alifurahi sana. Alitoka kule akiwa bado mdogo, mlima ndio kitu anachokumbuka vizuri.

Baadaye nikaanza kusoma. Haiko. Huo mmea unaitwa pinguikula, jina la Kilatini linalotokana na mafuta. Unaota Ulaya, Asia na Amerika, na Afrika umefika kaskazini tu, kama Moroko. Unapenda mahali penye baridi na maji yanayochuruzika kwenye mawe, udongo wake maskini kabisa.

Wafugaji wa kaskazini ya Ulaya waliujua kabla ya wasomi. Mwaka 1737 Linnaeus wa Uswidi aliandika kwamba watu wa Lapland wanamimina maziwa juu ya majani hayo ili yagande. Mtu wa Ankole angewaelewa haraka! Lakini wadudu walionasa, wasomi wengi waliona ni ajali tu.

Ndipo akaja Darwin, Mwingereza. Aliambiwa kwamba kwenye milima ya Cumberland majani haya yamejaa wadudu. Rafiki yake akamtumia majani 39 kutoka Wales. Akahesabu: 32 yalikuwa yamekamata, jumla wadudu 142. Akajaribu kuweka vipande vya nyama, na vya kioo pia. Nyama ilifanya jani litoe maji ya kuyeyusha chakula, kama tumbo, na ukingo wa jani ukajikunja polepole. Kioo hakikuyeyusha kitu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1875. Sababu ni rahisi: udongo ule hauna naitrojeni ya kutosha, basi mmea unaitafuta kwenye mwili wa mdudu. Ua lenyewe linasimama juu ya kijiti kirefu, mbali na gundi ya majani.

Na Ruwenzori je? Huko kuna lobelia zinazomzidi mtu urefu, ukungu, na matope ya kuzamisha buti. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda kilele na kukiita Margherita, jina la malkia wao. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji wakakubaliana mpaka, ukapita juu ya mlima huo huo. Wakonzo wakabaki huku, Wanande kule, na lugha zao ni karibu moja. (Huko Kasese kuna Katwe nyingine, ya chumvi. Wageni wanaochanganya mabasi wanaijua.)

Nikamwita yule kijana, nikamwambia nilikosea. Alikaa kimya. Nikaongeza haraka kwamba ndugu wa pinguikula yuko, anaitwa utrikularia, jamii moja kabisa. Anaishi kwenye mabwawa ya Uganda na ya Kongo pia. Hana gundi. Ana vifuko vidogo ndani ya maji, mdudu akigusa kinywele cha mlangoni, kifuko kinamvuta ndani kabla hujafumba jicho.

"Kwa hiyo anavuka mpaka," akasema.

"Yuko pande zote mbili."

"Bila karatasi?"

Tukacheka. Halafu akataka kujua bwawa la karibu liko wapi, na kama nauli inaweza kupatikana. Bado tunatafuta. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, ni watoto 11 na basi moja dogo.