Stella Bowen na picha ya mateka aliyeachwa huru

MIONGONI mwa picha za Vita Kuu ya Pili zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Vita ya Australia mjini Canberra, imo moja ya mwaka 1945 isiyoonyesha bunduki wala bendera. Ni uso wa mwanamume uliokonda, wenye macho yaliyochoka. Inaitwa “Private, Gowrie House”, yaani askari wa cheo cha chini kabisa aliyekuwa katika nyumba hiyo.

Gowrie House ilikuwa Eastbourne, kusini mwa Uingereza, ambako Waaustralia walioachwa huru kutoka makambi ya Ujerumani walipokelewa kabla ya kurejeshwa kwao. Waaustralia wapatao 8,000 walitekwa na Wajerumani na Waitalia, wengi wao Ugiriki, Krete na Afrika Kaskazini mwaka 1941. Kwa hiyo baadhi yao walikuwa wamekaa kifungoni takriban miaka minne.

Mchoraji wake, Stella Bowen, alizaliwa Adelaide mwaka 1893, akaenda London mwaka 1914 kusomea sanaa na hakurudi tena kuishi nyumbani. Kwa miaka kadhaa aliishi na mwandishi Ford Madox Ford, akazaa naye binti. Mwaka 1944 Australia ilimteua kuwa mchoraji rasmi wa vita, mwanamke wa pili kupewa kazi hiyo baada ya Nora Heysen.

Kabla ya kufika Eastbourne alikwishapata pigo. Aprili 1944 alianza kuwachora wanaanga saba wa ndege ya Lancaster wa Kikosi cha 460, kituo cha Binbrook. Kabla hajamaliza, ndege yao iliangushwa katika shambulio la Friedrichshafen. Sita walikufa, mmoja alinusurika akawa mateka. Bowen aliikamilisha picha hiyo kwa kutumia michoro yake ya awali, picha za kamera na kumbukumbu.

Ndiyo maana tofauti ya picha hizi mbili inastahili kutazamwa. Wanaanga wale wanatambulika kwa majina, wamesimama pamoja wakiwa na zana zao. Mateka wa Eastbourne yuko peke yake na jina lake halimo katika anwani ya picha; kilichobaki ni cheo, na cheo chenyewe ni cha mwisho. Pengine hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwani kila familia iliyomngojea mtu wake ingeweza kumwona wake humo.

Bowen mwenyewe alifariki dunia London mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 54.