Mahali pa kufanyia harusi Migori na Homa Bay

Familia ya pwani inayooza au kuoa upande wa ziwa kwa kawaida huanza kuulizia hoteli. Afadhali ianze na wanawake. Kupamba na kutia hina kwataka mahali pa faragha, na bustani ya ufukweni, iwe Homa Bay mjini au Mbita, inapendeza kwa picha lakini iko wazi pande zote. Ukumbi wenye kuta na mlango wake wa pembeni hufaa zaidi, hata ukiwa hauna sura.

Nikaha na walima si lazima viwe mahali pamoja. Kendu Bay kuna msikiti wa zamani wa Tawakal. Wanaume wanaweza kumaliza nikaha huko, kisha karamu ikafanywa kwengine. Jamaa wakiwa wametawanyika kaunti zote mbili, tazameni Rongo, ambako njia ya Homa Bay inaachana na barabara kuu ya Kisumu kwenda Migori na Isebania.

Machi hadi Mei ni masika, na mvua ya ziwani hupenda kuja alasiri, na radi zake. Hema pekee halitoshi.

Kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka notisi ya siku zisizopungua 21 wala kuzidi miezi 3, ipelekwe kwa Msajili na kwa msimamizi wa mahali penyewe. Basi ukumbi ujulikane mapema.

Kabla ya kutoa arubuni, ulizeni kama wapishi wenu wa biriani wataruhusiwa kuingia na masufuria yao.