Okidi ya mtini si kimelea

Kuiita okidi ya mtini kimelea ni kuisingizia. Mkulima wa Rongo, Kenya, anakijua kimelea halisi: kayongo, gugu la maua ya zambarau linalojipenyeza kwenye mizizi ya mahindi, likanyonya maji na chakula hadi mahindi yadumae. Ansellia africana, okidi ya madoadoa iliyopewa jina na mtaalamu wa mimea John Lindley mwaka 1844, haiutoboi mti. Mizizi yake myembamba husimama wima kama kikapu, hunasa majani makavu, na yakioza humo ndimo inamopata lishe. Uainishaji nao unaunga mkono: wataalamu wa mimea huiweka kundi moja na okidi za Eulophia, ambazo nyingi humea ardhini. Ndugu hao wametofautiana makazi tu. Hakuna kati yao anayeunyonya mti.

Atakayepinga atasema kimelea kinatokana na kumelea, yaani kumea juu ya kitu, basi okidi inastahili. Kwa asili ya neno, ni kweli. Lakini matumizi yameshaamua. Tusemapo vimelea vya malaria, tunawaza madhara kwa mwenyeji, na lawama hiyo hiyo humfanya mtu aibandue okidi mtini bila kosa. Napendekeza mmea mdandizi, kutokana na kudandia. Zipo okidi chache zisizo na majani ya kijani, zinazoishi kwa kunyonya kuvu. Hizo jina la kimelea linazifaa, ingawa hata hapo anyonywaye ni kuvu, si mti.