Neno la Sifa -kulu na Ukuu katika Uluguru

Mrumi wa kale alipotaka kusema -kubwa alisema magnus. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zililiacha neno hilo katika usemi wa kila siku, zikashika grandis: Mfaransa husema grand, Mwitalia, Mhispania na Mreno husema grande. Grandis lilitumika pia kwa mtu aliyeendelea katika umri, na alama yake ingalipo, kwani babu kwa Kifaransa ni grand-père. Aidha, un grand homme ni mtu mashuhuri, wala si mtu mrefu.

Lugha za Kibantu nazo zina neno la namna hiyo. Waluguru, katika milima iliyo juu ya mji wa Morogoro, husema mkulu, Waganda omukulu, Washona mukuru, na babu wa Mzulu ni ubabamkhulu. Kiswahili kiliidondosha l iliyo kati ya vokali, kama vile mvula na njala za Kinyanja zilivyo mvua na njaa. Ndipo likapatikana -kuu.

Je, kilichotangulia ni kimo, cheo, au umri? Kwa Kikuyu, -kũrũ ni -zee. Kiswahili chenyewe chashuhudia: nguo kuukuu ni iliyochakaa, na methali isemayo jungu kuu halikosi ukoko humsifu mzee, si mtawala. Yaelekea basi kwamba umri ulitangulia, na cheo kikafuata.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mikononi mwa lukolo, yaani ukoo, na wazee wake. Waingereza walipotunga sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, walihitaji wakuu wa kutekeleza amri za serikali. Mpango wa kuhifadhi ardhi, ulioanza mwaka 1950, ukawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, na uzito wa kazi yenyewe ulikuwa mojawapo. Lakini nyingine yaonekana katika neno hili. Serikali yaweza kumpa mtu cheo kwa barua. Umri na nasaba haviandikwi kwa barua.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Neno halikufutwa: lingali katika Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, vyeo ambavyo mtu huteuliwa bila kuulizwa miaka yake wala ukoo wa mama yake.