Jicho na Chombo

Chukua ukindu uliokatwa siku moja na kuanikwa juani pamoja, uwagawie wanawake wawili wa Matuga. Mmoja atasuka mkeka wa kutandikwa harusini; mwingine atasuka wa kuanikia mahindi. Ukindu ni ule ule. Kilichotofautiana ni mkono. Picha nayo ni vivyo hivyo. Siku hizi, msomaji wangu, simu yenye kamera imo mkononi mwa mvuvi wa Tiwi, mchuuzi wa Kombani na mwanafunzi wa Kwale. Wengi hudhani kuwa mwenye simu ya bei kubwa ndiye mpiga picha bora. Historia inaikanusha dhana hii, na tuisikilize.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Zamani hizo ulitaka sanduku zito, sahani ya shaba iliyopakwa fedha, na dawa kali. Kazi hiyo haikuwa ya mtu maskini. Kisha, mwaka 1900, kampuni ya Kodak ya Marekani ikauza kamera iitwayo Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu, kwa dola 1 tu.

Kamera ya ukoo huo ndiyo iliyokuwa mwalimu wa kwanza wa Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Brownie yake ilikuwa kuukuu. Chombo kama kile hakina mengi ya kurekebishwa. Basi mwenye nacho hujirekebisha mwenyewe: husogea, huinama, huingoja nuru. Mwaka 1963 Amin alianzisha kampuni yake, Camerapix. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na picha zake za njaa zikawaliza watu wa mabara mengi wakatoa misaada. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini, wala hakuacha hadi alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro, tarehe 23 Novemba 1996. Vyombo vilibadilika, hata mkono ukabadilika. Jicho lilibaki lile lile.

Tuje karibu na kwetu. Huko Lamu, Omar Said Bakor alijifunza kazi hii mwenyewe. Kwa mkasi, nuru na subira aliunganisha picha hata sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua. Na hapo Likoni, penye kivuko tunachopitia sisi wa kusini tukienda Mombasa, miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vya mbao, wakavipamba kwa michoro ya meli, ndege na majumba marefu. Mtu wa kibarua alisimama humo kwa dakika chache, akawapelekea wa nyumbani picha yenye heshima. Vibanda vilikuwa duni; fikira zilikuwa tajiri.

Lakini ustadi si uzuri wa sura tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa kadi nyingi za posta zenye picha za watu wa pwani. Chini ya picha huandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Jina lake halimo. Lenzi ilikuwa njema na karatasi ni imara, lakini mjukuu wake akiiona leo hawezi kusema, "Huyu ni bibi yangu." Picha isiyo na jina ni yatima.

Kwa hiyo, kijana, ukishika simu yako, jifunze mambo manne. Kwanza, ijue nuru. Alfajiri ya Tiwi jua hutoka baharini likiwa laini. Saa sita hukaa utosini, likatia kivuli machoni pa watu. Pili, sogea kwa miguu yako, uondoe kila kisichohusika. Tatu, omba ruhusa. Mzee akikataa, au walinzi wa kaya wakisema hapa hapapigwi picha, irudishe simu mfukoni. Adabu nayo ni sehemu ya ufundi. Nne, andika jina, mahali na tarehe, kwa kuwa kumbukumbu ya kichwani husafiri na mwenye kichwa.

Zamani watu wa Kwale walipigwa picha na wageni, nazo zikaenda ng'ambo na wageni hao. Leo chombo kimo mkononi mwako. Bibi yako asukapo ukili kibarazani hangoji kamera bora kuliko hiyo uliyo nayo. Naye hatakaa kibarazani milele. Mtazame vizuri kwanza, kisha umwombe ruhusa, na ukimaliza uandike jina lake.