Msimamizi wa mirathi: kutoka kwa kaka wa marehemu hadi Fomu Namba 6

Arobaini ikishapita, turubai limekunjwa na masufuria ya kukodi yamerudi kwa wenyewe, kinabaki kikao cha ukoo. Mwenye mwandiko mzuri hupewa daftari aandike muhtasari, majina yanapangwa, kila mmoja anatia sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Ndipo linakuja swali: nani awe msimamizi? Macho huelekea kwa baba mkubwa au kaka mkubwa. Kama anajua kutunza hesabu, hilo hakuna anayeliuliza.

Mazoea hayo yana karatasi yake. Mwaka 1963 Tanganyika ilichapa mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba katika Tangazo la Serikali Namba 436. Humo msimamizi wa mali ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake. Wakikosekana, mwanamume mwingine wa ukoo kwa msaada wa baraza la ukoo. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mabinti wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zao.

Mimi naamini ugomvi wa leo ulianzia hapo. Kimila, anayesimamia na anayepata fungu nono walitoka upande uleule. Ujira wa kusimamia haukutajwa kwa kuwa ulijificha ndani ya fungu: aliyepata shamba kubwa alitarajiwa kulea wadogo zake na kupokea wadai wa marehemu mlangoni. Mali ilipogeuka nyumba za kupangisha na pesa za benki, mzigo ukasahaulika, fungu likabaki. Ndiyo maana leo kaka hukusanya kodi ya vyumba mwaka mzima, akiulizwa anajibu, "Kwani mlidhani nahangaika bure?"

Jibu la swali lake ni la zamani. Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 6, inamtaka mlezi wa mali ya yatima ajizuie akiwa tajiri. Akiwa maskini ale kwa kadiri. Huko Uingereza, mwaka 1734, mahakama ilikataa katika kesi ya Robinson v Pett kumlipa msimamizi wa wosia kwa muda na usumbufu wake. Fikra hizo za Kiingereza zilitufikia kwa kupitia India, kwenye Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa Tanganyika na wakoloni. Kurudishiwa nauli na ada ya mahakama ni jambo jingine, na hapo ndipo risiti inapohitajika.

Upande wa mabinti, mila hizo zilitikiswa na Mhaya mmoja, Holaria Pastory. Aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, ya Wilaya ikampa Holaria ushindi, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaunga mkono: mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Lakini mwaka 2006, wajane wawili wa Shinyanga walipopinga Tangazo la 1963 lenyewe, Mahakama Kuu ilikiri kwamba linabagua, kisha ikakataa kulifuta.

Kilichobaki mikononi mwa mrithi wa kawaida ni kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa na mahakama, msimamizi anapaswa kuwasilisha Fomu Namba 5, yenye mali na madeni yote ya marehemu. Baadaye, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu kwenye Fomu Namba 6. Akivurunda, mahakama ina uwezo wa kumwondoa kukiwa na sababu ya kutosha.

Kama miezi minne imepita na hujaisikia hiyo Fomu Namba 5, usianze na kaka yako. Chukua namba ya shauri, nenda masjala ya mahakama ileile, uliza kama imo kwenye faili.