Kwa nini kosa la C hujificha kwenye #ifdef

Uwe Ihembe kule Karagwe au Kariakoo, ukishika simu ya Android umeshika msimbo wa C. Kiini chake ni Linux, na Linux imeandikwa karibu yote kwa lugha hiyo.

Msimbo huohuo unaendesha simu, ruta na seva kubwa. Inawezekanaje? Angalia mafaili ya heda, yale yanayoishia na .h. Humo waandishi wa programu huweka swichi: #ifdef, #else, #endif. Swichi ikiwashwa, mistari fulani inaingia. Ikizimwa, kompaila haiioni kabisa.

Shida inaanzia hapo. Uchambuzi tuli, yaani kusaka makosa kwa kuusoma msimbo bila kuuendesha, mara nyingi hukagua toleo moja tu, kulingana na swichi zilivyowekwa siku hiyo. Swichi 10 za kuwasha na kuzima zinaweza kutoa matoleo 1,024. Zikiwa 20, yanapita milioni moja. Linux ina maelfu ya swichi, kwa hiyo hakuna anayeyamaliza yote.

Mfano ni Heartbleed, dosari ya OpenSSL iliyotangazwa Aprili 2014. Ilimruhusu mtu wa mbali kuchota kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, nywila zikiwemo. Swichi haikusababisha kosa lile, lakini ndiyo iliyoamua nani yuko hatarini: aliyekompaili na OPENSSL_NO_HEARTBEATS alisalimika, jirani yake mwenye toleo lilelile hakusalimika. Upande wa Android, Google ilitaja toleo 4.1.1 kuwa ndilo lenye dosari.

Kwa anayejifunza C, kifaa cha bure cha kuanzia ni Cppcheck. Chenyewe hujaribu michanganyiko kadhaa ya swichi, kwa kawaida hadi 12 kwa kila faili. Ukiongeza --force kinaendelea na iliyobaki, ila andaa chai, kinachukua muda. Ukitumia -D kutaja swichi, kwa kawaida kinakagua mchanganyiko huo peke yake. Na kionyeshe folda ya heda kwa -I. Heda isipopatikana, swichi zilizomo hazihesabiwi, na ripoti safi utakayopata haisemi lolote kuhusu mistari iliyorukwa.